"Punguza Mawazo" Si Tiba: Tamko la Wakunga na Wauguzi wa Afya ya Uzazi katika Siku ya Hedhi Salama



Tarehe ya leo ni hesabu. Siku ya Hedhi Salama, inayoadhimishwa duniani tangu 2014, iliwekwa tarehe 28 kwa kuwa wastani wa mzunguko wa mwanamke ni siku 28, na ikawekwa mwezi wa 5 kwa kuwa damu hutoka kwa siku kama 5. Kila ilipofika tumezungumzia taulo za kike, maji na vyoo vya shule. Madai hayo hayajakwisha na hatuyaachi. Lakini mwaka huu tunataka kumsemea mwanamke ambaye taulo anazo, zimekaa kabatini, na siku zenyewe hazijaja. Au zimekuja mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Anaamka alfajiri, anapanga foleni, anakaa kwenye benchi mpaka jua linawaka, anaingia chumbani, anaulizwa maswali mawili, kisha anaambiwa: "Mama, una mawazo. Nenda kapunguze mawazo." Anarudi nyumbani na mawazo yaleyale, na moja jipya juu yake.

Sisi wakunga na wauguzi wa afya ya uzazi tunasema leo hadharani kwamba sentensi hiyo si tiba. Na kwa kuwa mara nyingi imetoka vinywani mwetu wenyewe, tunaanza kwa kuwaomba radhi wanawake wote tuliowarudisha nyumbani nayo.

Tuanze na lile lililo kweli ndani yake. Mama zetu na bibi zetu walijua zamani kwamba mwanamke akipata msiba, akiachika, au akiishi na hofu, siku zake huyumba. Hawakukosea. Mawazo yanaufikia mwili, na njia yanayopitia inajulikana.

Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye ukubwa wa lozi, iitwayo hipothalamasi. Hiyo ndiyo inayoanzisha safari nzima ya hedhi. Hutoa homoni yake kwa mapigo, kama mpiga ngoma: katika nusu ya kwanza ya mzunguko pigo moja kila baada ya saa moja au saa moja na nusu, na katika nusu ya pili mapigo hupungua yakawa moja kila baada ya saa kadhaa. Chini yake kuna tezi ya pituitari inayosikiliza. Ikiusikia mdundo sawasawa, nayo hutuma homoni mbili kwenda kwenye vifuko vya mayai. Huko yai hupevuka, estrojeni hupanda, projesteroni hufuata, ukuta wa kizazi hujiandaa, na mimba isipotunga ukuta huo hushuka ukawa hedhi. Mwaka 1978 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, wakiongozwa na Ernst Knobil, walionyesha jambo hili kwa nyani. Walipowapa homoni ile kwa mapigo, kila saa mara moja, pituitari ilifanya kazi. Walipoimimina mfululizo bila kupumzika, pituitari ilinyamaza. Kwa maneno mengine, kuwa na homoni ya kutosha hakutoshi. Mwili unataka mdundo wake.

Sasa, hipothalamasi hiyohiyo ndiyo inayopokea habari za hatari. Mwanamke akikosa kodi ya nyumba, akisikia mlango ukigongwa na mdai, akimsubiri mume anayerudi na ngumi, habari hufika palepale. Hutoka amri nyingine kwenda pituitari, na kutoka huko hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, ambazo humwaga kortisoli. Hans Selye, aliyeandika mwaka 1936 kutoka Montreal kuhusu namna mwili unavyoitikia madhara ya aina nyingi kwa mtindo mmoja, ndiye aliyefungua mlango wa elimu hii, ingawa majina ya homoni zenyewe mengi yalijulikana baadaye.

Tunaomba watu wasiichukie kortisoli. Bila hiyo tusingeamka asubuhi. Hupanda alfajiri ili kuutayarisha mwili kwa kazi, hushuka jioni, na karibu na usiku wa manane huwa chini kabisa. Huleta sukari kwenye damu mtu anapohitaji kukimbia. Tatizo huja pale hatari isipokwisha, kortisoli ikakosa nafasi ya kushuka. Ile amri ya hatari, pamoja na kortisoli yenyewe, hupunguza kasi ya mpiga ngoma. Mapigo yakipungua, yai huchelewa kupevuka au halipevuki kabisa. Ni kama mwili umeamua kwamba wakati wa hatari si wakati wa kubeba mimba, na hauulizi kama hatari hiyo ni chui au ni deni.

Mabadiliko huja kwa hatua, na wengi hawazioni hatua za mwanzo. Damu inaweza kuendelea kutoka kila mwezi wakati yai halitoki. Kisha mzunguko unaanza kurefuka, au kurukaruka, leo siku 24 na kesho siku 50. Mwisho damu hukatika. Mwanamke hushtuka kwenye hatua hii ya mwisho, lakini safari ilianza zamani.

Historia imeandika haya kwa maumivu makubwa. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipozingirwa na chakula kikakatwa, wanawake wengi walipoteza hedhi, na miezi tisa baadaye watoto waliozaliwa walipungua sana. Njaa na hofu vilikuwa vimekuja pamoja, na hilo neno "pamoja" ndilo tunalotaka lisikike zaidi katika tamko hili. Baadaye watafiti waliwachunguza nyani kwa utaratibu: kundi moja lilipunguziwa chakula kidogo na kufanyishwa mazoezi, kundi jingine lilihamishwa tu kutoka mahali lilipozoea, na kundi la tatu lilipata yote mawili kwa wakati mmoja. Katika makundi mawili ya kwanza mzunguko uliwavurugikia wachache tu. Katika kundi la tatu uliwavurugikia walio wengi. Mizigo midogo ikikutana hujumlishwa, na jumla yake huzidi kile ambacho mtu angekisia kwa kuitazama mmoja mmoja.

Tuchukue mfano wa mama anayenunua samaki mnadani Feri, Dar es Salaam. Saa kumi na moja alfajiri yuko pale. Amelala kwa saa nne. Ana marejesho ya mkopo ule ambao mtaani umepewa jina la kausha damu, na marejesho hayangoji samaki wapatikane. Chai ameahirisha mpaka auze, kwa hiyo chakula chake cha kwanza ni saa nane mchana. Ndoo anaibeba kichwani, anapanda daladala mbili, anakaanga juani. Nyumbani ana mtoto mgonjwa na mume asiyesema neno. Hakuna hata mmoja kati ya mizigo hii ambao peke yake ungetosha kumkatia hedhi mwanamke mwenye afya. Anaibeba yote kwa mpigo. Ukimwambia apunguze mawazo, apunguze lipi? Aache kulipa? Aache kubeba? Amwache mtoto? Hakuomba mawazo hayo. Kumwambia ayapunguze ni kumrudishia mzigo wetu sisi wote juu ya ndoo aliyonayo.

Upande wa pili wa jambo hili unatutia hofu zaidi. Neno "mawazo" limekuwa shuka la kufunikia magonjwa.

Siku kukatika kwa sababu ya msongo ni jibu linalotolewa baada ya mengine yote kuondolewa. Kwanza ni mimba, hata kama mwanamke anaapa kwamba haiwezekani. Kisha ni njia za uzazi wa mpango. Karibu nusu ya wanaotumia sindano ya miezi mitatu kwa mwaka mmoja hawaoni siku zao, na hilo ni tabia ya dawa, si ugonjwa. Kijiti huleta matone yasiyo na ratiba, na P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ikimezwa mara kwa mara huvuruga hesabu. Kisha tezi ya shingo, inayofanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. Kisha homoni ya prolaktini, ambayo hupandishwa na msongo lakini pia hupandishwa na dawa kadhaa za magonjwa ya akili, na dawa fulani za kuzuia kutapika, na hata methildopa tunayowapa wajawazito wenye presha. Ni dawa tunazoziandika wenyewe, kisha tunasahau kuziulizia.

Kisha kuna ile hali ya vifuko vya mayai kuwa na vijipovu vingi, ambapo msichana huota ndevu kidevuni, chunusi hazimwishi, uzito unapanda na hedhi inakuja mara chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii inawapata kati ya asilimia 8 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui kuwa wanayo. Mabinti hawa wanachekwa kwa ndevu zao, wanajificha, na wakija kwetu tunawaambia wana mawazo. Bila shaka wanayo, na sisi tumewaongezea.

Kama wakunga tuna jambo moja ambalo hakuna mwingine atakayelisema kwa niaba yetu. Wako akina mama waliovuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Waliokolewa, tukashangilia, tukawaruhusu. Maziwa hayakutoka. Miezi ikapita, siku hazikurudi. Wakawa wachovu, wanasikia baridi wakati wenzao wanajipepea, nywele za sehemu za siri zikapukutika. Tangu 1937, daktari Harold Sheehan alipolieleza jambo hili, inajulikana kwamba kukosa damu namna hiyo kunaweza kuiua tezi ya pituitari. Mpiga ngoma yupo, msikilizaji hayupo. Mama huyu anaweza kuishi miaka akiambiwa ana mawazo ya uzazi, au amerogwa, wakati anahitaji homoni za kuongezewa maisha yake yote, kortisoli ikiwa ya kwanza. Akipata malaria kali au akifanyiwa upasuaji bila kuwa nayo, anaweza kufa. Tunawaagiza wanachama wetu wote: aliyevuja damu nyingi, akakosa maziwa na hedhi isirudi, asiambiwe neno "mawazo" kabla hajafika kwa daktari anayeweza kumpima homoni.

Na kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima, hakuitwi mawazo popote pale. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na hujificha humohumo.

Ili mwanamke asitegemee bahati ya kumpata mhudumu mwenye subira, tunamtajia vipimo ambavyo anaweza kuvishika mwenyewe. Kwa mtu mzima, mzunguko wa kati ya siku 24 na 38, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata, uko ndani ya kawaida. Damu isizidi siku 8. Mzunguko ukiendelea kuvuka siku 45, au hedhi ikipotea kwa miezi 3 au zaidi, ni lazima uchunguzwe. Asiambiwe asubiri mwaka. Kukaa muda mrefu bila hedhi kwa sababu estrojeni imeshuka hudhoofisha mifupa, na mifupa hiyo ndiyo atakayoiegemea uzeeni. Wako wanaofurahi kwamba wamepumzika kununua taulo. Tunawaelewa, lakini mapumziko hayo yana gharama.

Hapa tunawageukia wanaouza vidonge, unga na chupa za "kubalansi homoni" na "kusafisha kizazi" kwenye simu na kwenye vituo vya mabasi. Kizazi hujisafisha chenyewe. Homoni zinazoendeshwa na mdundo wa ubongo hazirudi kwa unga wa kijiko kimoja asubuhi na jioni, na mdundo uliosimama kwa njaa na hofu haurudi mpaka njaa na hofu vishughulikiwe. Hata vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo ni dawa halali na tunavigawa wenyewe, havirudishi mdundo huo. Vinaleta damu kila mwezi kwa ratiba ya pakiti, na mwanamke anadhani amepona. Tunaziomba mamlaka za dawa ziyafuatilie matangazo haya, na tunawaomba wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, ambao kwa wanawake wengi ndio kituo cha kwanza, wawe wa kwanza pia kusema "dada, nenda kapimwe" badala ya kufungua kabati.

Kuhusu wanaotafuta mtoto, tunataka kusema taratibu kwa sababu jambo hili limevunja ndoa. Ni kweli kwamba mwanamke asiyepevusha yai hashiki mimba, na msongo mkubwa unaweza kuzuia yai. Lakini kutoka hapo watu wameruka mpaka kwenye kumwambia kila asiyepata mtoto kwamba ni mawazo yake yanamfunga. Mwaka 2011 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 14 za wanawake 3,583 waliokuwa wakipandikiziwa mimba hospitalini. Wenye huzuni na wasiwasi kabla ya matibabu hawakutofautiana na wenzao katika kupata mimba. Mawifi, mama wakwe na majirani, tunawasihi mliache neno hilo. Na katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una sehemu yake. Baba naye aje kupimwa. Kipimo cha mbegu hakina uchungu wowote.

Kwa wanaonyonyesha tuna funzo la zamani. Mwaka 1948 Niles Newton na mumewe Michael walichapisha jaribio walilofanya kwa mama anayenyonyesha: alisumbuliwa kwa maji ya barafu miguuni, kwa kuvutwa vidole na kwa maswali ya hesabu. Mtoto alipata maziwa kidogo. Mama yuleyule alipochomwa oksitosini huku akiendelea kusumbuliwa, maziwa yalitoka karibu kama kawaida. Maziwa yalikuwemo tangu mwanzo, kilichofungwa ni mlango. Mwanachama wetu anayemfokea mzazi wodini kwamba "hutaki kunyonyesha" anaufunga mlango huo kwa sauti yake. Tunamwambia aache.

Viongozi wa dini wa mwambao tunawaletea jambo ambalo huenda hawalisikii mara nyingi kutoka kwetu. Mwanamke aliyeachwa akiwa anaona hedhi huhesabu eda yake kwa twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi. Talaka yenyewe ni msongo mkubwa kupita mwingi, na wako ambao siku zao zimekatika humohumo ndani ya eda. Hesabu inasimama, hajui kama ameshatoka au bado, na anaona haya kuuliza. Hatuingilii fikihi, si kazi yetu. Tunawaomba makadhi na mashekhe, mwanamke akiwafikia na swali hilo, wampe hukumu yake na pia wamwelekeze kwetu, kwa kuwa kukatika huko kuna uchunguzi na mara nyingi kuna matibabu.

Tusijisahau na sisi wenyewe. Katika utafiti uliofanywa kwa wauguzi zaidi ya 71,000 wa Marekani na kutolewa mwaka 2011, waliofanya zamu za kubadilishana na usiku kwa miezi 20 au zaidi walikuwa na mzunguko usiotabirika zaidi kuliko wenzao. Usiku mwanga unauambia ubongo ni mchana, kortisoli haijui lini ishuke, na mpiga ngoma huchanganyikiwa. Wanaolinda majengo, wanaofanya kazi viwandani na wanaohudumia hotelini wako kwenye mkondo huo huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kumtaka mjamzito afanye kazi usiku katika miezi 2 ya mwisho kabla ya kujifungua. Inampa mzazi siku 84 za likizo, siku 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anaporudi kazini ana haki ya kupewa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Tunaona sheria hii ikivunjwa, na inatuuma zaidi inapovunjwa ndani ya vituo vya afya. Tunawataka waajiri waitekeleze, na tunataka ratiba za zamu zipangwe kwa namna ambayo mtu hatoki usiku kuingia asubuhi na kurudi tena usiku ndani ya juma moja.

Kuhusu mikopo, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeshaweka utaratibu wa leseni na usimamizi kwa wakopeshaji. Tunaiomba serikali iutekeleze mpaka mtaani, pale mama anapofuatwa mlangoni na kuchukuliwa jiko na godoro. Wengine watashangaa wakunga kuzungumzia riba. Sisi ndio tunaohesabu siku za mwanamke huyo, na tumeona zinavyoandamana na marejesho yake.

Na kuhusu ukatili wa majumbani, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kupigwa au kulazimishwa kingono katika maisha yake. Kati ya kila wanawake watatu wanaokaa kwenye benchi letu yumo huyo. Swali linapaswa kuulizwa mlango ukiwa umefungwa, mume akiwa nje, na kwa sauti ambayo foleni haiisikii.

Kama "punguza mawazo" si tiba, tiba ipo? Ipo. Mwaka 2003 daktari Sarah Berga na wenzake walichapisha utafiti mdogo wa wanawake 16 ambao hedhi ilikatika kwa msongo. Wanane walipata mazungumzo ya kitaalamu kwa wiki 20, kuhusu namna wanavyofikiri, wanavyokula na wanavyojibebesha. Wanane walifuatiliwa tu. Katika kundi la kwanza vifuko vya mayai vilirudi kazini kwa 7, katika la pili kwa 2. Ni idadi ndogo, tunakiri, lakini miongozo ya kitaalamu iliyotolewa mwaka 2017 inayapendekeza mazungumzo haya, pamoja na chakula cha kutosha, kabla ya kukimbilia homoni.

Na hatuhitaji kusubiri wataalamu wa kigeni waje wakae nasi. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na mwenye shida kwa utaratibu: sema mzigo wako, tuchague mmoja, tuuandalie hatua moja wiki hii, urudi unieleze. Washona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na mtu wa Kiswahili akilisikia linavyoelezwa analitambua kuwa ndugu wa "mawazo" yetu. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 kutoka kliniki 24 na watu 573, wengi wao wanawake, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 ya waliokaa na bibi, na kwa asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Tanzania ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Ina wakunga wastaafu ambao mtaa mzima unawaita bibi. Tunaiomba Wizara ya Afya iwape mafunzo ya aina hiyo, na iweke benchi hilo kwenye kila kliniki ya afya ya uzazi, mbali kidogo na dirisha la dawa. Tunaiomba pia ihakikishe kipimo cha mimba hakikosekani katika zahanati yoyote, na kwamba vipimo vya tezi ya shingo na prolaktini vinapatikana angalau hospitali ya wilaya kwa bei ambayo muuza samaki anaimudu.

Sisi wenyewe tumekubaliana yafuatayo na tunataka tubanwe nayo. Kuanzia leo mwanachama wetu akikutana na mwanamke mwenye hedhi iliyoyumba atamuuliza tarehe ya mwisho, dawa na njia za uzazi wa mpango anazotumia, uzazi uliopita ulikwendaje, anakula saa ngapi na analala saa ngapi, na kama nyumbani yuko salama. Atampima mimba. Atamwandikia rufaa pale inapostahili. Neno "mawazo" halitaandikwa kwenye daftari la mgonjwa kama jibu kabla ya hayo kufanyika, na likiandikwa litafuatwa na tarehe ya kurudi.

Na wewe mama, ukija, njoo na hesabu. Alama ya mkaa nyuma ya mlango inatosha, kalenda ya duka inatosha, tarehe kwenye simu inatosha. Hesabu ya miezi mitatu hutusaidia kuliko maelezo ya saa nzima. Ukiambiwa nenda kapunguze mawazo, usiinuke kwenye kiti. Uliza: "Mmenipima nini?"

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote,
Dar es Salaam, 28 Mei.